Kava zilizozipiku nyimbo za mwanzo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa barazani hapa mjini Unguja, mazungumzo ya muziki hayamalizi robo saa kabla mtu hajasema "wimbo huu kaimba fulani bwana, yule mwengine kauharibu", na hapo ndo vita vinaanza. Maswali yanayorudi ni yale yale, kwa hivo nimeyakusanya pahala pamoja. Majibu ni ya mpenzi wa muziki anaesikiliza taarab na nyimbo za kizungu kwa sikio lile lile.

Kava ni nini khasa? Si sawa na rimiksi?

Si sawa. Kava ni mtu kuuchukua wimbo ulokwisha kurikodiwa na mwengine akauimba upya kwa sauti yake na wapigaji wake. Rimiksi ni rikodi ile ile ya mwanzo imechanganywa upya, sauti ni ya yule yule. Na ukikata kipande cha rikodi ya mtu ukakijengea wimbo mwengine kabisa, hiyo ni sampo. Ukisikia sauti ngeni inaimba maneno unayoyajua, basi hiyo kava.

Kwani inawezekana kweli kava ikaupita wimbo wa mwanzo?

Inawezekana na imetokea mara nyingi, tena wapo watunzi walokiri wenyewe. Otis Redding aliutoa wimbo wake Respect mwaka 1965, ukafanya vizuri. Mwaka 1967 Aretha Franklin akauchukua, ukapanda mpaka namba moja Marekani, na mwaka huo huo Otis alipopanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey aliwaambia watu kwamba wimbo huu kuna msichana kamchukulia. Alisema kwa kucheka lakini alisema kweli, manake mpaka leo ukitaja Respect watu wanamuona Aretha tu.

Bob Dylan nae vivo hivo. All Along the Watchtower aliitoa mwisho wa 1967, na Januari 1968 Jimi Hendrix tayari alikuwa studio London anairikodi kwa gitaa lake. Dylan mwenyewe baadae akawa anaupiga wimbo wake jukwaani kwa kuelekea njia ya Hendrix. Mtunzi kuifuata kava ya wimbo wake mwenyewe, mie sijui ushahidi gani mwengine mtu anautaka.

Sasa nini kinaifanya kava ipite? Ni sauti?

Hapa ndo penye ugomvi wangu na watu wengi. Watakwambia sauti, fulani ana sauti kubwa kuliko fulani. Mie sikubali. Sauti nzuri hazijaadimika, nenda harusi yoyote utazikuta, na kava mbovu nyingi zimeimbwa na watu wenye sauti nzuri mno.

Ninavoona mie, kinachobadilika ni nani anaesema. Kila wimbo una mtu ndani yake anaezungumza, ana umri, ana hali yake, ana alomkosea na alokosewa nae. Mwimbaji wa pili akiingia na mtu mwengine mule ndani, maneno yale yale yanatoka na maana ambayo wa mwanzo hakuwa nayo. Respect ya Otis ni mwanamme anarudi nyumbani na pesa zake anataka aheshimiwe. Ya Aretha ni mwanamke anaedai haki yake. Akaongeza ile sehemu ya kuitaja heshima herufi moja moja, ambayo kwa Otis haimo, na ndugu zake Carolyn na Erma wakawa nyuma wanaitikia kama marafiki wa kike wanaomsimamia mwenzao. Wimbo ule ule, lakini nyumba imegeuka, na Marekani ya wakati ule watu weusi na wanawake waliusikia kama unawazungumzia wao.

Mfano mwengine ni Hurt. Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliutunga akiwa kijana, ukatoka 1994, ni wimbo wa mtu anaejiumiza na kujichukia. Mwaka 2002 Johnny Cash akauimba akiwa na miaka 70, anaumwa, sauti inatetemeka. Alibadilisha neno moja tu, palipokuwa na tusi akaweka miba, basi. Lakini kijana akisema amepoteza kila kitu unamuonea huruma na unajua ana miaka mbele yake, mzee akisema hivo huna la kumjibu. Kwenye video yake mkewe June yupo amesimama nyuma anamtazama, na mwaka ulofuata, 2003, wote wawili walifariki, mke Mei na mume Septemba. Reznor alisema baada ya kuiona ile video alihisi wimbo si wake tena. Sauti ya Cash wakati ule ilikuwa imeshachakaa, na kuchakaa kwenyewe ndo kulokuwa kunahitajika pale.

Kwetu hapa mfano mkubwa ni upi?

Siti binti Saad na Bi Kidude, na wimbo ni Muhogo wa Jang'ombe.

Siti kazaliwa Fumba, kakulia kwenye vyungu, manake kwao walikuwa wafinyanzi na yeye akivichukua kuviuza mjini huku anaimba. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurikodi santuri, za Kiswahili, wakati ambao taarab ya heshima ilikuwa ya Kiarabu na ikipigwa kasri. Sasa lazima uelewe santuri zile. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Kwa hivo Siti anaposikika leo kwenye rikodi zile unamsikia mtu anaeimba kwa kubanwa, beti zinafuatana upesi, fidla na udi vinajibu kidogo tu na kumpisha. Ile si taarab ya usiku kucha ilokuwa ikipigwa nyumbani kwake, ni kipande kilichokatwa kienee.

Bi Kidude alikuja nyuma, akazipokea nyimbo za Siti na kuziimba kwa miongo mingi mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Yeye akaingia na kitu chengine kabisa. Alikuwa mtu wa unyago na ngoma ya msondo, anajua kuwafunda wanawali, na alikuwa na ile sauti nzito ya kukwaruza inayotoka chini kabisa. Akiimba Muhogo wa Jang'ombe husikii malalamiko ya msichana, unasikia somo, yaani kungwi, anakuonya, bibi aloyaona yote anakwambia angalia mwanangu, usiwadharau wakunga na wewe bado hujamaliza kuzaa. Maneno yamo tangu zamani. Lakini kuyasikia kama onyo la bibi, hilo katupa Kidude.

Je kampita Siti? Kwenye wimbo huu mie nasema ndio, na najua wapo wazee watakaoninunia. Kwa jumla ya kazi hapana, Siti ndie alofungua mlango, bila ya yeye Kidude angelikuwa na nini cha kurithi.

Lakini taarab yenyewe si ilianza kwa kuchukua nyimbo za watu?

Kweli, na si jambo la kuonea haya. Sultani Barghash, alotawala 1870 mpaka 1888, ndie anaetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kwenda kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa 1905 na kwa miaka mingi kiliimba Kiarabu. Baadae zikaja santuri na filamu za Misri, watu wakawa wanazichukua mahadhi za kina Umm Kulthum na Abdel Wahab wanazitilia mashairi ya Kiswahili. Zikaja filamu za Kihindi, watu wanatoka sinema usiku nyimbo ziko kichwani, asubuhi mshairi keshapata vina. Mombasa marehemu Juma Bhalo alipata jina kubwa kwa mtindo huo wa mahadhi ya Kihindi.

Hizo si kava kamili kwa sababu maneno ni mapya. Lakini zinatufunza kwamba kwetu wimbo haukuwa mali ya mtu mmoja tangu zamani. Katika taarab alotunga shairi ni mmoja, alotia muziki ni mwengine, alopewa kuimba ni wa tatu, na wimbo ni wa kikundi. Mwimbaji akizeeka au akihama, wimbo anapewa mwengine, na ukumbi mzima unakaa kumpima.

Na hapo kuna jambo ambalo mtu asiekaa taarab halijui. Anaemaliza kuuamua wimbo unasema nini ni msikilizaji. Ganuni inapiga, mwimbaji kafika ubeti wa tatu, mara mama mmoja anainuka kitini na buibui lake, noti kaishika kwa vidole viwili kainyanyua juu watu waione, anakwenda taratibu, hana haraka, macho kayaelekeza pembeni kwa mtu anaemjua yeye, anafika mbele na noti anaitoa kwenye neno lile lile analolitaka, si kabla wala si baada. Ukumbi mzima umeshafahamu. Ubeti ulotungwa miaka 40 nyuma kwa mambo mengine usiku ule ni wa yule mama na mwenziwe. Kwa hivo nnaposema kava nzuri inabadilisha nani anaesema, mtu wa hapa hahitaji kufundishwa hilo, analiona kila harusi.

Malaika ni wa nani?

Alourikodi ukajulikana ni Fadhili William wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndie alosajiliwa. Lakini jina la Adam Salim nalo limetajwa miaka mingi kama mtunzi, na mzozo haujawahi kufungwa kwa kila mtu kuridhika. Kava zake ni nyingi, Boney M wameuimba 1981, Angélique Kidjo kaurikodi 1991. Lakini alouvusha bahari ni Miriam Makeba, aliimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965.

Kwangu mie ya Makeba ndo bora. Kiswahili si lugha yake na kinasikika, ila yeye ni mtu alokuwa uhamishoni hawezi kurudi kwao Afrika Kusini, na wimbo ni wa mtu anaependa asichoweza kukipata kwa sababu ya hali yake. Unavosikia pumzi yake unajua hapo pana zaidi ya mahari. Ya Boney M ni ya kuchezea tu.

Na Jambo Bwana?

Them Mushrooms wa Mombasa, 1982. Boney M nao wakauimba 1983. Haijaipita hata kidogo. Mahoteli ya Nungwi na Paje yanaupiga kila siku na wanaoupiga ni vijana wetu kwa njia ile ile ya Mushrooms.

Freddie Mercury si mtoto wa Mji Mkongwe? Aliwahi kuimba kava?

Ndio, yule mwimbaji wa kundi la Queen, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Watalii wanapiga picha mlangoni Shangani kila siku na wengi wetu tunapita bila ya kumsikiliza, jambo linaloniuma.

Msikilizeni kwenye The Great Pretender. Wimbo ni wa The Platters, 1955, wa taratibu, mtu kaachwa na anajifanya yuko sawa. Freddie aliutoa 1987 ukafika namba nne Uingereza. Platters waliimba kuhusu mapenzi. Freddie kaimba kuhusu mtu anaesimama mbele ya maelfu kavaa koti la kifalme na hakuna anaemjua ndani. Kijana wa Kiparsi kutoka Unguja, kabadilisha jina, kaishi na siri zake, halafu anaimba kwamba yeye ni mjifanyaji mkubwa. Hakubadilisha maneno. Hakuwa na haja. Mie naiweka juu ya ile ya mwanzo, na ya mwanzo ni nzuri sana.

Mtunzi anapata nini wimbo wake ukiimbwa na mwengine?

Pesa, ikiwa haki zake kazishika. Soma kisa cha Dolly Parton. I Will Always Love You aliutunga mwenyewe kumuaga Porter Wagoner, mtu alofanya nae kazi miaka, ukatoka 1974. Elvis Presley alitaka kuuimba, lakini meneja wake akataka wapewe nusu ya haki za wimbo. Dolly alikataa, na kukataa Elvis wakati ule si jambo dogo. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, anaanza peke yake bila ya ala yoyote, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na haki zote zilikuwa bado mkononi mwa Dolly. Angelikubali miaka ile, nusu ingekwenda kwa wengine mpaka leo.

Kwa upande wa waimbaji mambo ni magumu zaidi. Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi lakini hazimlipi mwimbaji wa rikodi, kwa hivo Respect ikipigwa redioni huko malipo yalikuwa ya upande wa Otis, si ya Aretha.

Hapa Zanzibar tuna COSOZA kwa ajili ya hakimiliki, bara wana COSOTA. Mtunzi wa mashairi nenda ukasajili. Mashairi ya wazee wetu wengi yameimbwa na kila mtu na familia hazikupata hata shilingi ya kahawa, na hili linanikera kuliko kava mbovu zote.

Nyimbo gani watu hawajui kwamba ni kava?

Nyingi. Red Red Wine ya UB40 (1983) ni ya Neil Diamond wa miaka ya 1960. Nothing Compares 2 U ya Sinéad O'Connor (1990) ni ya Prince, ilitoka 1985 na kundi la The Family na haikushughulisha watu. Tainted Love ya Soft Cell (1981) kaanza Gloria Jones. Killing Me Softly ya Fugees (1996) watu wanajua ni ya Roberta Flack wa 1973, lakini hata Roberta kaichukua kwa Lori Lieberman alorikodi 1972. Hallelujah ya Jeff Buckley (1994) nayo ni kava ya kava, Leonard Cohen kautoa 1984, John Cale akaupanga upya, na Buckley kamfuata Cale.

Salome ya Diamond je?

Ni ya Saida Karoli, ile ya Chambua Kama Karanga. Diamond Platnumz kaitoa 2016 akiwa na Rayvanny. Kwa kucheza imefanikiwa, na vijana wengi walimjua Saida kwa sababu yake, hilo ni jema. Ila ukitaka wimbo wenyewe rudi kwa Saida, ngoma na Kihaya chake, pale pana mtu anaejua anachokisema. Ya Diamond ni sherehe nzuri, kuipita hapana.

Nnataka kuimba taarab ya zamani niiweke mtandaoni, nianze vipi?

Kwanza tafuta jina la alotunga shairi na alotia muziki, uyaandike chini ya video kabla ya jina lako. Ikiwa wapo hai au kikundi kipo, nenda ukawaombe. Wazee wa vikundi hawana ubaya, wanachochukia ni kupitwa kama hawapo.

Pili, maneno. Usiyachukue kwa kusikia tu kwenye rikodi ya kukwaruza, nimesikia vijana wanaimba maneno yasiokuwepo kabisa na kina kimevunjika. Kaa na mtu mzima akusomee shairi bila ya muziki, uliza kila neno usilolijua, na uliza lilitungwa kwa ajili ya nini kama yupo anaekumbuka.

Tatu, usimuige mwimbaji wa mwanzo. Huu ndo ugonjwa wa kava za mtandaoni, mtoto wa miaka 20 anajikwaruza koo apate sauti ya Bi Kidude. Kidude hakumuiga Siti! Sema na mpiga kinanda akushushie au akupandishie mpaka ukae pahala pako, halafu jiulize wewe katika shairi lile ni nani, ni alieachwa, ni rafiki anaeshauri, ni mama? Ukishajua imba.

Nne, waachie wapigaji nafasi. Baada ya kila mstari fidla na ganuni zinakujibu, ni mazungumzo yale, usiyafunike kwa kupambapamba sauti. Na ukitaka kujifunza ala zenyewe, chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kipo hapa mjini tangu 2002 na kinafundisha ganuni, udi, fidla na ngoma.

Wapi nitasikia kava nzuri jukwaani?

Culture Musical Club na Ikhwani Safaa, maonyesho yao ni nyimbo zilizopokewa kutoka waimbaji walotangulia. Tamasha la Sauti za Busara kila Februari, kwa kawaida Ngome Kongwe, tangu 2004. Na Pemba msiidharau, ukialikwa harusi Wete au Chake nenda.

Nisikilize kwanza ya mwanzo au kava?

Kava kwanza. Ukianza na ya mwanzo utaishia kuhesabu kilichoondolewa. Ukianza na kava unaupenda wimbo, halafu ukirudi kwa wa mwanzo unamkuta mtu mwengine mule ndani ambae hukumtegemea. Isipokuwa Siti. Siti msikilize mwanzo, usiku, kwa spika za masikioni, manake rikodi ina kelele na utahitaji utulivu kuzipata irabu zake, kisha ndo umfungulie Bi Kidude.